Pumzi ya Karakana

Ala ya shaba yenye umri wa miaka mia moja na thelathini haipigwi ikiwa baridi. Ikipigwa baridi sauti yake hushuka, na zikiwa tano, ikishuka moja, zote huonekana zimelewa. Ndiyo maana saa nane na nusu mchana, nusu saa kabla ya onyesho, watu watano walikuwa wamekaa kimya katika chumba cha nyuma ya ukumbi, kila mmoja akipuliza hewa ya moto ndani ya mrija wake bila kutoa mlio.

Kamanda alikuwa anapuliza vibaya. Hewa ilimwishia njiani.

Jina hilo alipewa na shangazi yake miaka kumi na mitatu iliyopita, siku alipokabidhiwa korneti ya kwanza, tarumbeta fupi inayobeba wimbo, akiwa binti wa miaka kumi na sita na kuanza kuwaongoza watu wazima. Kundi lao halikuwa na mtu wa kusimama mbele na kupunga fimbo. Waliingia kwa pumzi yake. Alivuta hewa kwa mdomo, mabega yakapanda, wenzake wakavuta naye, na pale hewa ilipogeuka ndipo sauti tano zilipoanza. Kwa kifupi, kazi yake ilikuwa kupumua mahali ambapo kila mtu anamwona. Leo angelipa chochote asionwe.

"Lete nione hiyo vali ya pili," Fundi alimwambia. "Inakwama."

Alisema kwa sauti ya kawaida ili wote wasikie, kisha akaichukua korneti na kwenda nayo dirishani penye mwanga. Kamanda alimfuata.

"Vali haina kitu," alinong'ona.

"Najua. Niliitia mafuta mwenyewe jana." Alibonyeza kitufe chake mara mbili, macho yake yakiwa kwenye chuma. "Wanataka jibu kabla ya saa kumi na moja."

"Leo?"

"Leo. Nilikwambia Jumatatu."

"Ulisema wiki hii."

"Leo Jumamosi. Wiki ina siku ngapi kwenu?"

Barua ilikuwa imefika siku tano zilizopita kutoka mji ulio mwendo wa saa tisa kwa gari moshi. Okestra kubwa ya huko ilimtaka Fundi asimamie karakana yake ya ala za zamani, mkataba wa miaka miwili. Kamanda alikuwa ameisoma mwenyewe mara tatu, akitafuta mahali penye kasoro, hakuona.

"Ukisema nikae, nakaa," Fundi aliendelea. "Lakini nikae kama mtu, si kama sanduku la spana. Niende nikae mbele ya mzee wako, nimwambie."

"Baada ya onyesho."

"Mwezi wa tatu ulisema baada ya onyesho. Mwezi wa tano ulisema mgongo wa baba upone kwanza. Mwezi wa saba nimesahau ilikuwa nini."

"Kaka alikuwa anahama nyumba."

"Ehee. Kaka ameshahama, ameshapaka na rangi."

Kamanda nusura acheke, na hapo akafanya kosa la kumtazama. Fundi alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kuangalia ndani ya vitu vyembamba, hayakuwa na haraka, na yakikutulia huwezi kujificha nyuma ya lolote. Aliyatazama hadi kicheko kikaisha.

"Baada ya hili," alisema. "Kweli."

"Vali gani hiyo inayohitaji watu wawili?" sauti nzito iliuliza kutoka upande wa pili wa chumba.

"Imekaa sawa, mzee," Fundi alijibu, akamrudishia Kamanda korneti yake. Vidole vyao havikugusana. Walikuwa wamejizoeza visigusane.

Mzee, baba yake Kamanda, alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, na tuba, ala kubwa yenye sauti nzito, aliishika kama alivyoshika vyombo vyake vya kazi zamani, kwa heshima na bila mapenzi ya kuonekana. Zile ala tano zilikuwa zake. Zilitengenezwa na karakana moja, mwaka mmoja, na sauti yao ilikuwa chini ya ala za siku hizi kwa karibu robo ya nafasi kati ya noti mbili. Tofauti hiyo ilitosha. Kuingiza ala mpya kati yao, alikuwa akisema, ni kama kuchora nusu ya ramani kwa mita na nusu nyingine kwa hatua za miguu. Kwa hiyo mpigaji mmoja akiondoka, haondoki peke yake. Mwingine lazima afundishwe upya kwenye ala ileile, na hilo huchukua muda mrefu.

Mzee aliujua urefu wa muda huo kwa uzoefu. Mkewe ndiye aliyekuwa akipiga korneti ya pili, enzi hizo yeye mwenyewe akipiga ya kwanza. Walipoachana, Kamanda alikuwa na miaka mitano, na masanduku yale matano yalikaa kimya juu ya kabati kwa miaka kumi na mmoja. Siku yalipofunguliwa tena, dada yake Mzee, mkunga wa hospitali, alijifunza korneti ya pili akiwa na miaka arobaini na mitatu, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kujifunza. Na Mzee akaweka sharti moja: ndani ya wale watano, asiwepo anayempenda mwenzake ila kama ndugu.

Fundi aliingia kundini miaka miwili iliyopita, mpigaji wa honi, ala ya sauti ya kati, alipofariki. Aliambiwa sharti hilo siku ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Wakati huo hakuona ugumu wake.

Ukumbini walikuwepo watu sitini hivi. Kipande cha kwanza kilikwenda vizuri, na cha pili kilianza vizuri. Kaka yake Kamanda, daktari wa meno mwenye mapafu ya ng'ombe, aliipuliza baritoni yake kana kwamba amekodishiwa ukumbi peke yake. Kisha wakafika sehemu ya polepole.

Sehemu ile inaanza kutoka kwenye ukimya. Wote watano huingia pamoja, kwa sauti ndogo kabisa, bila mmoja kumtangulia mwenzake. Ndipo mahali pagumu kuliko pote, na ndipo pumzi ya Kamanda ilipotakiwa iwe kubwa na wazi kuliko kawaida.

Hapa inabidi lielezwe jambo moja. Tangu mwezi wa pili, Jumatano na Jumapili alasiri, Kamanda na Fundi walikuwa wakipiga wawili tu, karakanani kwa Fundi, kati ya meza ya kazi na ukuta wenye vipande vya mirija. Pale hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa mabega. Walikaa goti kwa goti. Pumzi fupi ya puani ilitosha, ile ambayo haionekani, husikika tu na aliye karibu. Siku za mwanzo waliifanya kwa mchezo. Baadaye ikawa ndiyo lugha yao. Alasiri nyingine walipiga hadi midomo ikafa ganzi, wakaweka ala chini, wakakaa vilevile, kila mmoja akisikiliza pua ya mwenzake, na Kamanda alijua wakati huo kwamba hajapata kuwa na raha kama hiyo maishani mwake.

Sasa, jukwaani, aliinua korneti. Alimtazama Fundi nukta moja tu, apate kujua kama bado amekasirika. Fundi alimtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na huzuni, na huzuni ile ilimpita Kamanda moja kwa moja hadi mgongoni.

Akavuta pumzi ya puani.

Sauti mbili ziliingia, korneti na honi, sawasawa kama mbao mbili zilizopigwa randa pamoja. Sauti tatu zikafuata nusu pigo baadaye, zikigongana mlangoni.

Wasikilizaji hawakujua. Mama mmoja wa mstari wa mbele alitabasamu, akidhani ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kwa wale watatu, ilikuwa sawa na kufungua barua ya mtu na kuisoma kwa sauti. Shangazi alipandisha unyusi mmoja. Kaka alitazama kwa bidii karatasi ambayo aliijua kwa moyo. Juu ya tuba, macho ya Mzee yalitoka kwa binti yake yakaenda kwa Fundi, yakarudi. Alikuwa anapima.

Sehemu ya polepole ina dakika tisa. Kamanda alizipiga zote huku kijasho chembamba kikimshuka nyuma ya masikio, akihesabu mapigo, na kila alipomaliza kuhesabu alikuta bado yamebaki mengi.

Saa kumi kasoro dakika kumi wakapewa mapumziko ya robo saa. Mzee aliingia chumbani wa mwisho, akafunga mlango, akaiweka tuba juu ya blanketi lake.

"Hukupumua," alisema.

"Nilipumua, baba."

"Kwa pua."

Kamanda aliinamia korneti yake.

"Nilikuwa nakutazama, sikuona kitu. Shangazi yako hakuona. Kaka yako hakuona."

"Mimi naona karatasi tu, baba," alisema Kaka. "Usiniingize."

"Lakini huyu bwana ameingia na wewe bila hata unywele kupita katikati. Mtu haingii hivyo kwa bahati. Ni mazoezi hayo." Mzee aligeuka. "Mara ngapi kwa wiki?"

Fundi alisimama. "Mbili, mzee. Jumatano na Jumapili."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

"Wapi?"

"Karakanani."

"Na mkimaliza kupiga?"

"Kaka yangu," Shangazi aliingilia, "hayo mengine usiulize, utajibiwa." Alikuwa amevua viatu na anajikanda mguu. "Nimezalisha watu zaidi ya elfu mbili. Sijaona kitu kimezaliwa hadharani hivi, na muziki juu."

"Ulijua?"

"Nilihisi. Mtoto anakwenda kununua mafuta ya vali kila Jumatano. Vali ngapi?"

"Na wewe?" Mzee alimtazama mwanawe.

Kaka alikuna kidevu. "Huyu Fundi anakuja kwangu kusafishwa meno kila mwezi, baba. Mwaka huu mara nane. Meno mazuri, hayana hata doa. Nikasema huyu ana mtu."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliketi, na alipoketi alionekana mzee kweli.

"Kijana," alisema, "sina neno na wewe. Kazi yako ni safi, na honi unaipiga kuliko aliyekutangulia, Mungu amrehemu. Sikatai kwa sababu hufai. Nakataa kwa sababu nimeshaona. Mimi na mama yake tulikuwa tunaingia hivyohivyo. Watu walikuwa wanatuuliza tunafanyaje. Halafu siku moja hatukuweza hata kukaa chumba kimoja. Miaka kumi na mmoja. Hata nyimbo nilizisahau. Nyinyi mkigombana, hicho kiti nimkalishe nani?"

"Mzee, kiti hiki kinaweza kubaki wazi hata bila ugomvi."

"Una maana gani?"

Fundi akaeleza. Alieleza kwa maneno machache na kwa mpangilio, mji, karakana, miaka miwili, saa kumi na moja. Hakumtazama Kamanda.

"Ulijua hili?" Mzee alimwuliza binti yake.

"Ndiyo, baba."

"Ukamwambia nini?"

Nje, mtu alipita kwenye ujia akiburuta kiti.

"Basi nakuuliza mimi, mbele yake na mbele ya wakubwa zako. Unamtaka huyu?"

Wote wanne walimgeukia, kama wanavyomgeukia jukwaani. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa neno moja na lilikuwa mdomoni. Lakini aliona mgongo wa baba yake ulivyopinda, akaona yale masanduku juu ya kabati jinsi alivyokuwa akiyatazama utotoni akiambiwa asiyaguse, na hofu ya zamani, isiyo na hoja, ikalizuia lile neno.

"Tumalize kwanza onyesho, baba," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa kipimo alichokuwa akikikisia. "Naomba dakika tano," alisema, akatoka.

Kupitia kioo cha mlango, Kamanda alimwona amesimama karibu na bomba la maji, amewapa mgongo, kichwa kimeinama. Alidhani ananawa uso.

Sehemu ya pili ya onyesho ilikuwa na kipande kimoja tu. Kamanda alivuta hewa kwa mdomo, mabega yakapanda hadi karibu na masikio, na wote wakaingia pamoja. Mzee alipunguza makali ya uso. Lakini aliyewashangaza siku hiyo ni Fundi. Kwa kawaida alipiga kwa uangalifu wa mtu anayejua kila mrija ulipowahi kuvunjika. Leo alipiga kama hakuna kilichowahi kuvunjika. Kulikuwa na wimbo wa honi peke yake katikati ya kipande, na Kamanda, ambaye hapo alitakiwa kunyamaza mapigo kumi na sita, alimsikiliza akajisemea kwamba mtu hapigi hivi ila akiwa na matumaini. Ameamini. Atasubiri. Katika mapigo yale kumi na sita akakata shauri.

Makofi yalikuwa marefu. Hakuyasikia vizuri. Walipofika chumbani hakungoja hata kumwaga maji ya pumzi kutoka kwenye korneti. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika ishirini na tano.

"Baba," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Namtaka. Nilipaswa kujibu uliponiuliza. Sikunyamaza kwa sababu sijui, nilinyamaza kwa woga. Ukitaka kuchukua korneti, hii hapa. Lakini jibu ni ndiyo, na lilikuwa ndiyo tangu mwezi wa pili."

Shangazi aliacha kufunga kiatu.

Fundi alikuwa ameinama juu ya honi, anaifuta kwa kitambaa. Mkono ulisimama, kisha ukaendelea.

"Nimeshawajibu," alisema.

"Saa bado."

"Nimewajibu kwa simu wakati wa mapumziko, pale bombani."

Kamanda alisikia maneno hayo yote, na bado akauliza. "Umewajibu nini?"

"Ndiyo." Aliinua uso. "Ulisema tumalize kwanza. Nikaona hata mzee akikuuliza wewe mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele yangu, bado kuna kitu cha kumaliza kwanza. Nikasema mimi siwezi kuwa wa mwisho kwenye foleni hiyo."

"Ungesubiri nusu saa."

"Nimesubiri miezi saba. Hiyo nusu saa sikujua kama ipo."

"Waambie umebadili mawazo."

"Niliwapa neno. Wewe ungemtaka mtu anayeweka neno saa kumi, analitoa saa kumi na nusu?"

Angemtaka hivyo hivyo, kwa shida zote, lakini hakuweza kulisema hilo bila kumshusha. Fundi aliichukua honi kwa mikono miwili akampelekea Mzee.

"Nimeikausha. Mrija wa nyuma una ufa mdogo, mzee, usibanwe sana. Gari moshi langu ni Jumanne saa nne asubuhi. Kabla ya hapo nitakuletea vipuri vyote vilivyoko kwangu." Alisita. "Samahani kwa sharti lako. Nililivunja nikijua."

"Umesema," Mzee alijibu.

Fundi aliwaaga, Shangazi kwa kuinamisha kichwa, Kaka kwa mkono. Alipomfikia Kamanda hakutoa mkono. Alimtazama tu, kwa muda ambao hakuna mtu mwingine chumbani aliyethubutu kukohoa, kisha akabeba mkoba wake wa vifaa akatoka.

Kamanda aliketi. Hakulia. Alikuwa anahesabu kitu ambacho hakina hesabu: nusu pigo mapema kule jukwaani, nusu saa baadaye hapa.

"Anasafiri siku gani?" Mzee aliuliza, ingawa alikuwa ameambiwa sasa hivi.

"Jumanne," alisema Kaka.

"Jumanne hatuna mazoezi."

Kaka alimtazama shangazi yake. "Baba, Jumanne tuna mazoezi tangu sijaota meno."

"Nimesema hatuna."

Kamanda aliinua uso. Baba yake hakuwa akimtazama. Alikuwa ameipakata honi na kidole kinautafuta ule ufa kwenye mrija wa nyuma, polepole, kama anayetafuta mpaka wa shamba.

"Na Jumatano?" Kamanda aliuliza.

Shangazi alianza kusema kitu, akajizuia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Mwanangu," Mzee alisema hatimaye, "usinipangie wiki nzima. Mfuate kwanza."

Kamanda alikuwa ameshasimama kabla neno halijaisha. Korneti ilibaki kitini, mlango akauacha wazi nyuma yake. Ujia wote ulikuwa mtupu, na mwisho wake, mlango wa nje ulikuwa bado unayumba kwenye bawaba zake.